Amri ya Saba na Taa Isiyofunguka

Katika Kwaresima moja tulipanga kufundisha kwenye jumuiya juu ya tamaa. Zamu iliangukia nyumba ya bibi mmoja mjane hapa Mwembesongo, na somo tulilibeba kama tulivyozoea kulibeba. Tulisema watu wa siku hizi wamependa vipya kupita kiasi. Simu haijamaliza mwaka imebadilishwa, redio nzima inasukumwa chini ya kitanda kwa sababu jirani amenunua yenye taa zinazowakawaka. Washarika walitikisa vichwa kukubali. Ni somo jepesi kukubalika, maana kila anayelisikia humfikiria mtu mwingine.

Baada ya sala ya mwisho bibi aliingia ndani, akatoka na mfuko wa salfeti. Akamwaga mkekani taa tatu za kuchaji, zote za kijani, zote za umbo moja, na zote zimekufa.

"Baba Mchungaji," akauliza, "hizi nazo ni tamaa yangu?"

Ya kwanza aliinunua mjukuu wake alipoingia darasa la saba, ili asome usiku umeme unapokatika. Alipata fedha kwa kuuza ndizi na mboga zinazoshuka kutoka mlimani kwa ndugu zake. Ile ilipozimika alidhani mtoto ameiangusha, akamgombeza, akanunua ya pili. Ya pili ilipozimika aliitunza ya tatu kama yai. Nayo ikazimika. Miaka miwili haijatimia.

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulisema jambo juu ya uvumilivu, tukanywa chai, tukaondoka. Haya tunayoandika ni jaribio la kumjibu, kwa kuchelewa, na njiani itatubidi tukiri kwamba siku ile tulimhubiria mtu asiye sahihi.

Kwanza tulizipeleka taa zile kwa fundi. Ni kijana wa kwaya, anaimba besi, na meza yake iko kibarazani karibu na barabara, imejaa simu zilizofunuliwa matumbo. Aliigeuza taa moja mara mbili mkononi. "Angalieni wenyewe," akasema, "haina skrubu hata moja." Ilikuwa imefungwa kwa gundi pande zote. Ili kuifungua ilimbidi apashe kisu moto kwenye jiko la mkaa na kupasua ganda, na ganda lililopasuliwa hivyo halirudi kuwa ganda.

Ndani mlikuwa na betri ndogo ya risasi, ubao mdogo wenye vipande vichache, na zile taa zenyewe, ambazo zilikuwa nzima kabisa. Fundi alizigusa kwa waya mbili kutoka kwenye betri yake, zikawaka kama mpya. Kilichokufa ni betri tu. Akatueleza sababu, nasi tunaieleza hapa kwa maneno ya kawaida. Umeme wa ukutani unaingia kwenye betri bila kitu chochote cha kuuzuia betri inapojaa. Bibi, kama watu wote, aliichomeka taa jioni akaichomoa asubuhi. Betri ilijaa saa za mwanzo, kisha usiku wote uliobaki ikaendelea kupikwa, ikakauka polepole. Na kama angeiacha wiki nzima bila chaji, betri ya aina hiyo ingeharibika vilevile. Mwenye bidii anaiua, na mvivu anaiua. Kipande cha kukata umeme betri ikijaa kipo, tena ni kidogo na si cha bei kubwa. Hapa hakikuwekwa.

Tukamuuliza kwa nini asibadilishe betri tu. Akacheka. Betri peke yake, ikipatikana, ingemgharimu bibi karibu sawa na taa mpya, na bado ganda limepasuka. "Huyu aliyeweka gundi," akasema, "alijua mimi nipo."

Maneno hayo yalitukaa moyoni, lakini hatukuyameza mara moja. Si kila kinachoharibika kimeharibiwa kwa kukusudia. Sisi wa Morogoro tunajua mambo huweza kufa kwa kukosewa tu. Kiwanda chetu cha viatu kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitazamiwa kuuza viatu vingi nje ya nchi. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba kife. Kilipangwa vibaya, kikaendeshwa kwa shida, basi. Na gundi, kwa kweli, ni nafuu kuliko skrubu nne na mkono wa kuzikaza. Huenda aliyebuni taa ya bibi alikuwa akipunguza gharama tu, na hakumfikiria fundi wetu wala mjukuu wa darasa la saba.

Basi tukauliza: je, ipo mahali ambapo nia yenyewe ilijulikana, ikaandikwa na kutiwa saini? Ipo, na ajabu ni kwamba nayo ilihusu taa.

Mwaka 1924, mjini Geneva, makampuni makubwa ya balbu yalifanya mapatano yaliyojulikana kwa jina la Phoebus. Walikuwamo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na Compagnie des Lampes ya Ufaransa, na General Electric ya Marekani iliingia kupitia makampuni yake tanzu ya nje. Waligawana masoko. Zaidi ya hapo walikubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000, wakati nyingi za siku zile ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Kila mwanachama alipeleka sampuli za balbu zake zikapimwe, na ambaye balbu zake zilidumu kupita kiwango alitozwa faini. Tunaomba msomaji asipite haraka hapo. Mtu alitozwa faini kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri mno. Mapatano yalivunjwa na vita vilivyoanza mwaka 1939, lakini saa zile 1,000 zilibaki kuwa desturi kwa miaka mingi baadaye.

Haki itendeke: watetezi wao walikuwa na hoja. Balbu inayodumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme uleule. Kule Livermore, California, ipo balbu katika kituo cha zimamoto inayowaka tangu mwaka 1901, na anayekwenda kuitazama huona mwanga wa kibatari. Kwa hiyo saa 1,000 zingeweza kuwa uamuzi wa kiufundi. Lakini uamuzi wa kiufundi ungemwachia mnunuzi achague: huyu balbu angavu ya muda mfupi, yule hafifu ya muda mrefu. Faini ilikuwa ya kumzuia asichague.

Miaka michache baadaye jambo hilo lilipata jina. Mwaka 1932, Marekani ikiwa katika dhiki kubwa ya ajira, mtu aliyeitwa Bernard London aliandika kijitabu akipendekeza serikali ipangie kila bidhaa umri wake. Umri ukiisha, kitu kihesabiwe kimekufa kisheria, kirudishwe kikaharibiwe, viwanda vipate kazi. Alikuwa na nia njema! Aliwahurumia wasio na kazi. Lakini hakuuliza ni nani atakayelipia mazishi ya vitu vile vyote. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita jambo hili uchakavu wa kupangwa: kitu kutengenezwa hivi kwamba kichoke, kiharibike au kipitwe mapema, ili mwenye nacho arudi dukani.

Tangu siku hizo njia zimekuwa nyingi, na haziko kwenye gundi peke yake. Mzee mmoja wa usharika wetu ana simu aliyoinunua kwa pensheni yake. Kioo hakina ufa na betri bado inashika chaji. Siku moja programu ya kutumiana ujumbe iliacha kufanya kazi kwenye simu za aina yake, akaondoka kwenye kundi la jumuiya bila yeye kujua wala sisi kujua. Msiba ukatokea, taarifa ikapita kwenye kundi, na mzee hakuja kuzika. Ndugu wa marehemu walinuna. Yeye alikuwa nyumbani, simu nzima mfukoni. Katika nchi nyingine sheria zimeanza kuliangalia jambo la namna hii. Ufaransa mwaka 2015 ilifanya uchakavu wa kupangwa kuwa kosa la jinai, na mwaka 2020 Apple ilitozwa huko faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kwamba programu mpya ingepunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka.

Turudi Mwembesongo. Hapa tunapolalamika juu ya taa kama ile ya bibi tunayo maelezo yetu tayari: "Ni ya Mchina." Tunaomba tuyaache. Baiskeli ya Phoenix, inayobeba mkaa na ndizi mpaka leo na ambayo baba wengi wamewaachia wana wao, ilitoka Shanghai. Nchi ni ileile. Phoenix ina nati kila mahali, na kijana yeyote mwenye spana chini ya mwembe anaweza kuivua yote akairudisha. Hatuandiki hivi kwa kutamani ya kale. Koroboi ilijaza moshi kwenye vifua vya watoto na kuunguza nyumba, na taa ya kijani, kwa miezi iliyoishi, ilimfaa mjukuu kuliko koroboi. Bibi mwenyewe anasema hivyo. Ana kinu alichorithi kwa mama yake, kama ilivyo kwetu Uluguru ambako ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, naye hajawahi kuomba kinu kimpe mwanga.

Lakini kwa nini taa ya aina hii ndiyo inayofika kwetu? Jibu tulilipata mahali ambapo hatukutaka kulipata, yaani kanisani. Taa zile zinauzwa na ndugu yetu mmoja, msharika, mtu mwema, aliyetoa sana katika ujenzi. Ibada za sikukuu amekaa kiti cha mbele, na sisi ndio tuliomweka pale.

Tulimtembelea. Hakukasirika, wala hakuficha. Alisema alikwenda Guangzhou kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waendavyo, na kiwandani aliwekewa mezani taa tatu. Kwa nje ganda moja. Ya kwanza ina betri nzuri na kile kipande cha kuzuia chaji. Ya pili ina betri ya wastani. Ya tatu ni ile ya bibi. Mwenye kiwanda hakumdanganya, alimwambia tofauti zote, kisha akamuuliza anataka ya bei gani.

"Mchungaji," akasema, "nikileta ile ya kwanza itakaa dukani mpaka Yesu arudi. Mteja wa hapa haniulizi itadumu miaka mingapi. Ananiuliza bei gani, kisha ananiomba nipunguze."

Tukamwambia kwamba bibi amenunua tatu, na kwa bei ya tatu angepata moja ile nzuri na chenji juu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, bila ukali, "Sadaka yangu ya mabati mliipokea. Mngetaka niwaeleze imetoka kwenye taa gani?"

Tuliondoka bila kujibu. Ilikuwa mara ya pili.

Kwa majuma kadhaa tulirudi kwenye Amri ya Saba. Kila aliyepita Kipaimara anaijua, na anajua kwamba katika Katekisimo Ndogo Luther hakuishia kwenye mwizi wa kuku. Alitufundisha kwamba kumcha Mungu ni pamoja na kutojipatia mali ya jirani kwa bidhaa za uongo au biashara ya hila, na akaongeza upande wa pili, kumsaidia jirani mali na riziki yake vipate kulindwa na kuongezeka. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 anawasema wezi wakubwa wanaokaa vitini na kuitwa waheshimiwa, kuliko wale wanaovizia masanduku ya watu. Na kabla ya hapo, mwaka 1524, miaka 400 kamili kabla ya mapatano ya Geneva, aliandika juu ya biashara na riba akitaja hila za wachuuzi wa siku zake moja moja. Walilaza pilipili, tangawizi na zafarani kwenye vyumba vya unyevunyevu ili ziongezeke uzito. Waliuza vitambaa mahali penye giza ili dosari zisionekane. Msomi wa Biblia aliyeshuka sokoni kukagua magunia! Tumesoma mahubiri mengi juu ya imani ya Luther, na machache sana juu ya tangawizi yake.

Andiko hilo ndilo lililotufungua macho. Kosa la tangawizi yenye unyevu halikuwa kwamba tangawizi ni mbaya. Kosa lilikuwa kwenye kipimo: mnunuzi alilipia uzito ambao haukuwapo. Sokoni kwetu tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Mama anayeuza mchele kwa sado iliyobonyezwa kitako anajulikana mtaa mzima. Mkulima anayelazimishwa kufunga lumbesa analia, na serikali imepiga vita lumbesa mwaka hadi mwaka. Mizani ina mkaguzi wake, Wakala wa Vipimo, anayepita na kugonga mihuri. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza efa, wakaongeza shekeli na kuuza hata makapi ya ngano, na kila mchungaji ameihubiri sura ile ya nane walau mara moja.

Sasa taa inapimwa kwa nini? Haipimwi kwa kilo. Bibi hakununua plastiki ya kijani. Alinunua usiku, idadi fulani ya usiku wa kusoma. Muda ndio kipimo chake, na ganda moja linalofunika taa tatu tofauti ni sado iliyobonyezwa kitako mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana hatukubali utetezi wa ndugu yetu, ijapokuwa tunamheshimu kwa ukweli wake. Kuuza kitu cha muda mfupi kwa bei ndogo si dhambi. Mishumaa huuzwa hivyo, na mnunuzi anaiona inavyopungua. Kilichokuwa kinajulikana Guangzhou kwenye meza kilinyamaziwa Mwembesongo kwenye meza. Mteja haulizi miaka kwa sababu hakuna kitu cha kumwonyesha kwamba kuna la kuuliza. Maskini wamefundishwa na maganda yanayofanana kuangalia bei peke yake, kisha sisi tunapanda mimbarini kuwaambia wana tamaa.

Ndivyo tulivyosoma upya kisa cha Wagibeoni katika Yoshua sura ya 9. Walivaa viatu vilivyotiwa viraka, wakabeba viriba vilivyochakaa na mkate uliokauka, ili waonekane wametoka mbali. Walichakaza vitu kwa makusudi na kwa uchakavu huo wakawadanganya watu wa Mungu. Tumezoea kuwasema Wagibeoni, lakini maandiko yanawalaumu Waisraeli pia: walikionja chakula na kukitazama, wasiulize inavyopasa. Na katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawakumbusha watu kwamba kwa miaka arobaini jangwani nguo zao hazikuchakaa wala viatu miguuni mwao. Tumelihubiri hilo kama muujiza tu, tukaruka kushangaa jambo la kawaida lililomo. Mungu alipotaka kuonyesha upendo wake kwa watu wasio na fedha, aliwapa viatu vinavyodumu. Wauza viatu wasingelipenda jangwa lile.

Kuna hesabu nyingine ambayo bibi hakuiweka mkekani. Zile betri tatu zina risasi na tindikali ndani yake. Watoto hapa mtaani huzivunja kutafuta vipande vya kuuza, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Zisipovunjwa hutupwa chooni au mtaroni, na mvua za masika zikishuka kutoka Uluguru hubeba kila kitu kuelekea mtoni. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 2024 ikisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 tulidhani haiwezekani, na ndani ya majuma machache akina mama walikuwa na vikapu mikononi. Taa na simu ni ngumu kuliko mfuko. Lakini mfuko nao ulionekana mgumu.

Tungependa kusema kwamba baada ya mawazo haya tuliongoza usharika vizuri. Tuliyapeleka kwenye Baraza la Wazee, na mzee mmoja akauliza swali la kuudhi: ile mikisa ya zamani iko wapi?

Tulikuwa na mashine ya kuchanganyia sauti za kwaya. Iliharibika baada ya miaka miwili, muuzaji akasema haitengenezeki, tukafanya harambee, washarika wakatoa ahadi, tukanunua nyingine na kumshukuru Mungu kwa vigelegele. Hakuna aliyeuliza ya kwanza ilikuwa na nini. Ikaingia stoo, juu ya kompyuta sita tulizoletewa na marafiki wa ng'ambo, ambazo siku ya kuzipokea tayari zilikuwa zimechoka kupita umri wa kuchoka, nasi tukaziombea mbele ya madhabahu. Fundi wa besi, ambaye ni mjumbe wa kamati ya muziki, hakuwa ameulizwa wakati wowote. Yeye hukaa nyuma, na hakuna harambee ya bisibisi.

Basi Baraza lilikubali jambo dogo. Usharika usinunue kifaa chochote kabla fundi hajakitazama na kusema kama kinafunguka na kama vipuri vyake vinapatikana Morogoro au Dar es Salaam. Jambo la pili halikupita. Fundi aliomba nafasi uani, mwisho wa mwezi baada ya ibada na mnada, watu walete vilivyokufa, yeye na wenzake wavifungue hadharani, wengine wajifunze. Wazee walisema kanisa si karakana. Mmoja alihofia mafuta kwenye sakafu mpya. Sisi tungepaswa kusema hapo hapo kwamba Bwana wetu alilelewa katika karakana ya seremala, lakini wazo lilitujia tukiwa tumeshafika nyumbani. Tutalirudisha kwenye kikao kijacho.

Ndugu yetu mfanyabiashara alituita dukani bila kutuambia sababu. Juu ya kaunta alikuwa ameweka taa kumi na mbili za aina ile ya kwanza, amezileta na mzigo mwingine. Kwenye kila boksi ameandika kwa kalamu nene nyeusi: betri nzuri, chaji inajikata, dhamana mwaka mmoja. Pembeni yake bado ziko zile nyingine, nazo ameziandika: betri ndogo, usichaji usiku kucha. Alisema hatulipii kodi ya duka lake, kwa hiyo tusimsifu wala kumsema kwanza, tungoje tuone. Mpaka tunaandika haya ameuza nne kati ya zile kumi na mbili. Kiti cha mbele bado anakikalia, nasi hatujapata jibu la swali lake juu ya mabati.

Bibi hakununua hata moja kati ya hizo, bei ilimshinda. Fundi alizichukua taa tatu zilizokuwa nzima kutoka kwenye yale maganda yaliyopasuliwa, akatafuta betri ya pikipiki iliyochoka kwa kuwashia pikipiki lakini bado inatosha kwa mwanga, akaweka kile kipande cha kukata chaji, vyote ndani ya kisanduku cha mbao za mwerezi alizopewa na seremala. Ni kizito na kina sura mbaya. Kimefungwa kwa skrubu nne. Bibi alikizungusha, akagusa vichwa vya skrubu kwa kidole, akauliza hivi vinafunguliwa na nini. Akaonyeshwa. Asubuhi yake alimtuma mjukuu dukani kununua bisibisi.